Umbo la Soli na Wepesi wa Mwendo

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, mafundi viatu mlioacha meza zenu kwa ajili ya mchana huu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Mteja anapookota kiatu dukani au kwenye rundo la mitumba, mara nyingi huingiza mkono ndani na kubonyeza soli kwa kidole gumba. Ikibonyea hukipenda, isipobonyea hukirudisha. Sina ugomvi na kidole hicho, kwani kinapima jambo la kweli. Ila kinaipima soli ikiwa imetulia na kwa kani ndogo, ilhali wayo utaikanyaga katika mwendo, kwa uzito wa mwili mzima na zaidi kidogo. Hoja yangu leo ni kwamba wepesi wa kutembea hutokana kwanza na umbo la soli kwa chini na mahali inapokunjika, na kwamba ulaini, ambao ndio unaouza kiatu, huja nyuma ya hayo.

Tutazame kinachotokea chini ya mguu kwa muda usiofika sekunde moja. Kisigino hutangulia kugusa ardhi, tena hugusa kwa upande wake wa nje, ndiyo maana karibu kila kiatu kilichotumika huwa kimelika kwenye pembe ya nyuma ya nje bila mwenyewe kuwa na kasoro yoyote. Kisha uzito husafiri kwa ukingo wa nje wa wayo, huvuka kwenda ndani kupitia vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole, na kuondokea kwenye kidole gumba. Jacquelin Perry, daktari wa Marekani aliyeutumia umri wake mwingi kuchunguza mwendo wa watu wazima na wagonjwa, aliieleza safari hii kuwa ni mibingiriko mitatu inayofuatana: mwili hubingirika juu ya kisigino, kisha muundi huinama mbele juu ya kifundo, kisha mguu mzima hubingirika juu ya sehemu ya mbele ya wayo. Mpango huu ni wa kale mno. Nyayo za mababu wa binadamu zilizoko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa na kikundi cha mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, ziliachwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, na bado zinaonyesha kisigino kilichodidimia na kidole gumba kilichoelekea mbele pamoja na vingine. Soli yoyote tunayoibuni tunaiweka chini ya kiungo ambacho kimekwisha kupata ufundi wake, na swali la kwanza la mbunifu lingekuwa ni mbingiriko upi anaouzuia.

Mbingiriko huo una maana gani kwa uchovu? Tunapotembea, mwili hupanda na kushuka juu ya mguu ulionyooka, na kila hatua inapokwisha mwili unaoelekea chini hulazimika kugeuzwa uelekee juu tena juu ya mguu unaofuata. Kugeuza huko ndiko kunakogharimu nishati nyingi. Kama sehemu ya chini ya mguu ingekuwa ncha tupu, mgeuko ungekuwa mkali. Ikiwa ni tao, kama kipande kilichokatwa kwenye gurudumu, mgeuko hupungua. Mwaka 2006 watafiti watatu nchini Marekani, Peter Adamczyk, Steven Collins na Arthur Kuo, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walivalishwa mabuti yanayofunga kifundo cha mguu, chini yake yakafungwa matao ya miviringo mbalimbali, kisha ikapimwa nishati waliyotumia wakitembea. Gharama ilikuwa ndogo zaidi pale nusukipenyo cha tao kilipokaribia sehemu tatu kwa kumi za urefu wa mguu kutoka nyonga hadi chini. Mwenye mguu wa sentimita 90 hupata tao la sentimita 27 hivi.

Naomba mafundi wa katambuga, yaani viatu vya tairi, waishike namba hiyo, maana tairi la gari dogo lina nusukipenyo cha karibu sentimita 30. Kipande kinapokatwa kwa kufuata mzunguko wa tairi, kashata zikaelekea chini na upande wa ndani ukawa ndio wa kukanyagia, kinakuja tayari na tao linaloinua kisigino kidogo na ncha ya mbele kidogo. Sidai kwamba aliyekata katambuga ya kwanza alikuwa amepiga hesabu, wala sidai kwamba tao hilo hubaki vilevile, kwa kuwa mpira hunyooka chini ya uzito na hulika. Hata hivyo ninapowaona wafugaji wakikata nyika kwa mwendo mrefu juu ya soli ambayo kidole gumba cha mteja wetu kingeikataa papo hapo, naona kuna jambo ambalo kidole hicho hakijalipima.

Kuna kisa cha kibiashara kinachogusa hapo hapo. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alianzisha viatu vya MBT, herufi zinazosimamia maneno ya Kiingereza yanayotaja teknolojia ya Wamasai ya kutembea peku. Soli yake ilikuwa nene, imepinda kama tao kuanzia kisigino hadi vidole, na kisigino chake kiliwekwa sponji laini ili mguu uyumbe kidogo na misuli ilazimike kufanya kazi. Wazo la tao lilikuwa na msingi. Jina nalitilia shaka, kwa sababu Wamasai wengi walikwisha kuvaa matairi miaka mingi kabla ya hapo. Kampuni nyingine kubwa zilifuata mkondo wa viatu vya kuyumbisha, zikaahidi mapaja na makalio yaliyokazwa kwa kutembea tu. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliziona ahadi hizo hazina ushahidi wa kutosha: Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25 mwaka 2011, na Skechers dola milioni 40 mwaka uliofuata.

Tatizo la ahadi hizo halikuwa soli iliyopinda. Lilikuwa ni kusahau kwamba mwili hujirekebisha. Mtu mwenye kifundo kizima akipewa soli yenye tao kali, kifundo chake hubadili mwendo wake mpaka jumla ya mbingiriko, yaani mguu na kiatu pamoja, inarudi karibu na ile aliyoizoea. Yale mabuti ya mwaka 2006 yalionyesha tofauti kubwa kwa sababu yalikuwa yamefunga kifundo. Vilevile ndivyo ilivyo kwa mguu wa bandia, na kwa mtu ambaye kiungo chake kimekakamaa. Kwa mzima, kazi kubwa ya soli ni kutoingilia. Kwa yule ambaye kiungo chake kimekufa au kinauma, soli inaweza kubingirika kwa niaba yake, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo zaidi.

Mgonjwa wa kisukari aliyepata ganzi ya nyayo hahisi maumivu pale mifupa iliyo nyuma ya vidole inapobeba mzigo uleule hatua baada ya hatua, na kidonda huanza bila yeye kujua. Vivyo hivyo kwa aliyeugua ukoma. Mtu wa namna hii hahitaji soli inayokunjika. Anahitaji soli ngumu isiyokunjika kabisa, iliyochongwa kwa chini ili mwili upite mbele bila vidole kupinda na bila sehemu ile ya nyuma ya vidole kusukuma ardhi. Mahali soli inapoanza kuinuka kuelekea ncha ndipo penye siri yote. Pakiwekwa mbele mno, mzigo hubaki palepale penye hatari. Pakirudishwa nyuma mno, mvaaji huhisi anaporomoka. Vipimo vinavyotumika huwa kati ya asilimia 50 na 60 ya urefu wa kiatu kutoka kisigino, na sehemu ya mbele huinuka kwa nyuzi 15 hadi 20. Hii ni kazi ambayo fundi mwenye jiwe la kunolea na ubao mgumu wa mpira anaweza kuifanya mezani kwake, akishirikiana na kliniki, na naliona ni pengo kubwa kwamba mafunzo yetu ya ushonaji yanatumia muda mwingi kwenye ngozi ya juu na muda mchache sana kwenye kilicho chini.

Sasa turudi kwa mguu mzima. Mwaka 1954 daktari Mwingereza, J. H. Hicks, alieleza jinsi utando mgumu unaotoka kisigino hadi vidoleni unavyokazwa pale vidole vinapopinda kwenda juu: utando huvutwa, upinde wa wayo huinuka, na mguu uliokuwa legevu huwa imara kwa ajili ya kusukuma. Soli bapa na nene isiyokunjika huuzuia mkazo huo. Kwa hiyo kiatu cha kawaida sharti kikunjike pale vidole vinapopinda, takriban asilimia 70 ya urefu kutoka kisigino kwa upande wa kidole gumba, na mstari wa mkunjo uende mshazari ukirudi nyuma kuelekea kidole cha mwisho. Shikeni kiatu kisigino na ncha, mkikunje. Kikikunjikia katikati, chini ya upinde wa wayo, kimekosa kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachostahili kuwapo hapo, na mguu ndio utakaofanya kazi ya kukishikilia. Viatu vingi vya bei nafuu vya watoto wa shule nilivyovikunja vina kasoro hii.

Ncha iliyoinuliwa ni suala lenye pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao Daniel Lieberman wa Harvard alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba ncha ya soli ikiinuka, viungo vya vidole hufanya kazi ndogo zaidi wakati wa kutembea. Huo ndio wepesi mteja anaousikia. Lakini msuli usiotumika hudhoofu, na waandishi hao waliihusisha hali hiyo na uwezekano wa miguu kudhoofika kadiri miaka inavyopita. Mimi ningeinua ncha ya kiatu cha mhudumu wa hospitali anayesimama na kutembea kutwa, na nisingeiinua ya mtoto.

Ulaini, basi. Sponji chini ya kisigino hupunguza ukali wa mshindo wa kwanza, na anayetembea juu ya zege hana sababu ya kuikataa. Ila mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa sehemu kubwa na watu wa magharibi mwa Kenya, wengine wakiwa wamezoea kutembea peku na wengine kuvaa viatu. Ulionyesha kwamba sugu nene za nyayo hazipunguzi uwezo wa kuhisi ardhi, na kwamba soli zenye sponji huufanya mshindo upande polepole lakini huongeza jumla ya msukumo unaoingia mguuni. Sponji ikizidi ulaini, kisigino huzama na kuyumba, na misuli ya muundi hulazimika kukinyoosha kila hatua. Katika kazi yangu nimependelea sponji ya kati chini ya kisigino, ukingo wa nyuma ukiwa umenolewa mshazari kwa milimita chache ili kisigino kitue kikibingirika, na sponji ngumu zaidi kuizunguka.

Juu ya hayo, sponji hufa. Zile za EVA, aina ya plastiki laini, ambazo ndizo nyingi katika raba, huundwa na vipovu vidogo vya hewa vinavyobanwa mara maelfu mpaka haviinuki tena, na kiatu cha mtumba chenye kitambaa kisicho na doa kinaweza kuwa na soli iliyokwisha. Kiwekeni mezani mkitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, na ubavu wa sponji ukiwa na mikunjo midogo kama ya ngozi, kiacheni. Soli za poliurethani, aina nyingine ya plastiki, zina adui mwingine, unyevu. Hewa ya pwani huuvunja mpangilio wake wa kikemia taratibu hata kiatu kikiwa sandukuni, ndiyo maana kiatu kilichotunzwa kwa ajili ya harusi humeguka soli ukumbini; cha kuvaliwa mara chache Tanga au Mombasa kingefaa kuwa na soli ya mpira.

Uzito nitaugusa kwa haraka, kwa kuwa hauna utata. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1969 vilionyesha kwamba mzigo uliofungwa mguuni hugharimu nishati mara nne hadi sita ya mzigo uleule ukibebwa kiwiliwilini. Hapo katambuga ya tairi la lori hupoteza sehemu ya ushindi niliyoipa punde. Kandambili nazo ni nyepesi, lakini vidole huzibana ili zisitoke, na watembeaji hufupisha hatua.

Jambo la mwisho ni tahadhari kwa mafundi mtakaojaribu soli za tao. Msimpe mzee anayepepesuka, wala mtu ambaye ganzi imempanda hadi kifundoni, soli iliyopinda kisigino na ncha kwa pamoja. Mwacheni na sehemu bapa ya kusimamia katikati, iwe angalau upana wa vidole vinne, mkachonge mbele tu. Akishavaa, asiishie kutembea sakafuni tu: apande ngazi na kushuka, na ashuke mteremko, kwa sababu soli iliyokosewa hujulikana mtu anapoteremka. Mkiona anatazama miguu yake kila hatua, vueni kiatu, msogeze mahali soli inapoanza kuinuka kwenda mbele kwa nusu sentimita kabla ya kujaribu tena.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.