Usipige Stata Tena

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nashukuru mmeacha kazi mchana huu. Najua wengine mmetoka Changamwe na wengine mmevuka feri ya Likoni kuja kunisikiliza. Nina jambo moja tu: gari limeingia gereji likitembea lenyewe, limebadilishwa mkanda wa taimingi, sasa limekataa kuwaka.

Kabla hujashika spana, sikiliza stata. Injini iliyo nzima, isiyo na hitilafu, ina mapigo: inakaza, inaachia, inakaza tena. Ule mkazo ni hewa inayobanwa ndani ya silinda, ndiyo kompresheni yenyewe. Ukisikia inazunguka kwa wepesi, mlio mmoja ulionyooka kama cherehani isiyotiwa kitambaa, basi valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazifungi kwa wakati wake, au zimeshapinda. Hapo chomoa ufunguo, tafadhali. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea. Wanasema "hebu jaribu tena", halafu tena, na kila mara pistoni inapanda kuigonga valvu iliyochelewa kufunga.

Mnajua krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara 2, kamshafti, ile inayofungua valvu, huzunguka mara 1. Mkanda ndio unaowafunga hawa wawili wasiachane. Chukua gia ya krenki yenye meno 24: jino moja ukilikosea, umeachana na alama kwa nyuzi 15. Jino moja huenda gari likawaka, ila halina nguvu. Mawili au matatu, linakohoa, linapiga makombora kwenye ekzosi, au haliwaki kabisa. Na si injini zote zinazosamehe. Injini za Toyota 4A-FE na 7A-FE, ambazo mmezifungua sana kwenye Corolla za zamani, pistoni haifiki kwenye valvu hata mkanda ukikatika. Lakini injini ya EJ20 ya Subaru yenye kamshafti nne haisamehi. Dizeli nazo karibu zote hazisamehi, maana nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno.

Niwasimulie Subaru Forester moja iliyoletwa kwangu ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, buibui nadhifu, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa ameshalipa pesa ya mkanda kwengine. Akaniambia, "Mwanangu, walipiga stata mpaka betri ikafa, wakaazima nyengine, nayo ikafa." Nikafungua kava ya mbele. Mkanda mpya, safi, umekazwa vizuri. Nikatazama gia ya krenki: fundi alikuwa ameweka juu ule mshale uliochorwa usoni mwa gia.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu Subaru zimejaa mji huu. Ule mshale si wa mkanda. Unakuonyesha pistoni zikiwa mwisho wa safari yake. Alama ya kufungia mkanda ni mkwaruzo mdogo ulio nyuma, kwenye yale meno yanayosomwa na sensa ya krenki, nao huelekezwa kwenye alama ya juu kwenye pampu ya oili. Ukiuweka hapo, pistoni zote zinakaa katikati ya silinda, wala haziwezi kugusa valvu unapozungusha kamshafti. Waliotengeneza waliipanga hivyo makusudi ili kazi iwe salama. Hata kwenye gia za kamshafti, fuata mistari, achana na mishale. Nilipofungua hedi, yale sehemu za injini zinazobeba valvu, za gari la yule mama, valvu nane zilikuwa zimepinda. Mkanda ulifungwa vibaya, sawa, lakini mimi naamini nyingi katika zile nane zilipinda kwa sababu ya betri ya pili.

Kwa hiyo mkanda ukishaufunga, usikimbilie ufunguo. Plagi zitoe zote, chukua spana ya bolti ya krenki, 19 au 22, zungusha kwa mkono upande injini inakozungukia, mizunguko 2 kamili. Ikikwama, usilazimishe: ni chuma kinagusa chuma. Ikimaliza miwili, alama zote zirudi mahali pake. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Naam, kijana wa pale nyuma? Anauliza: alama zote ziko sawa, stata ina mapigo mazuri, na bado haiwaki.

Swali zuri. Basi rudi ilikopita mikono yako. Sensa ya krenki iko karibu na mkanda, na soketi yake husahauliwa ikining'inia, au waya wake umebanwa na kava. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, uliofungua kutafuta nafasi, umeurudisha? Na huku kwetu chumvi ya bahari hula vichwa vya betri na athi, ukivigusa tu vinalegea. Kwenye distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, nyaya za Toyota hizo hufuata zamu ya silinda 1-3-4-2, nimekuta zimepishana mara nyingi. Plagi zikitoka mbichi zinanuka petroli, zikaushe, maana petroli iliyomwagika sana huosha oili ukutani mwa silinda na kompresheni inashuka.

Na kuna moja inayodanganya hata wazee. Puli ya nje ya krenki ina mpira katikati. Ukizeeka, ile pete ya nje huteleza, na alama ya sifuri inahama nayo. Wewe unaona sifuri, kumbe pistoni haiko juu. Tia kijiti kirefu kwenye tundu la plagi namba 1, zungusha polepole, kione kikipanda mpaka kisimame. Kijiti hakitelezi.

Ukishakuwa na shaka ya valvu, pima kwa geji ya kompresheni. Injini ya petroli iliyo nzima mara nyingi husoma kati ya psi 150 na 190, psi ni kipimo cha shinikizo. Silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda mara nyingi ni valvu.

Kuhusu nani alipe hedi, mimi msimamo wangu haujabadilika tangu siku ile ya Forester: aliyefunga mkanda kwenye alama isiyo yake ndiye alipe, na mteja aambiwe ukweli siku hiyo hiyo, uso kwa uso.

Haya, ile EJ iko juu ya meza pale, kava imetoka. Sogeeni wawili wawili, na kila mmoja anioneshe kwa kidole alama ya krenki kabla hajashika spana.