Draiva ya mwaka 1968: chipseti ya kompyuta yako inahitaji nini hasa?

ZUHURA: Karibuni tena, mimi ni Zuhura, niko na fundi wetu Kibwana. Tunaanza na ujumbe wa msikilizaji. Anasema amefungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, kwenye kompyuta yake ya mezani, akawa anabofya vifaa vya Intel kimoja kimoja, akakuta draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, imeandikwa tarehe 18 Julai 1968. Anauliza, je, ameuziwa mashine ya enzi za Mwalimu?

KIBWANA: [anacheka] Mwaka 1968 hata Microsoft haijazaliwa! Mwambie atulie. Hiyo ndiyo tarehe Robert Noyce na Gordon Moore walipoianzisha Intel. Imebandikwa pale makusudi.

ZUHURA: Makusudi ya kujisifu?

KIBWANA: Hapana, kuna hesabu pale. Windows ikiwa na draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja sawasawa, inatazama tarehe, na yenye tarehe mpya inashinda. Sasa chipseti ni ile chipu inayohudumia vifaa vya kompyuta, na kile kifurushi chake cha Intel, kwa sehemu kubwa, wala si programu ya kuendesha kitu. Ni mafaili madogo ya maandishi, yale ya INF, yanayoitajia Windows nani ni nani kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ni daftari la mahudhurio alilopewa mwalimu mgeni. Intel hawataki daftari lao lije lifute draiva halisi ya kifaa, kwa hiyo wamelizeesha ili lishindwe.

ZUHURA: Kumbe! Na mimi nimewahi kuona nyingine za 2006.

KIBWANA: 21 Juni 2006. Hizo ni za Microsoft, zile zinazokuja ndani ya Windows yenyewe. Hata ukipiga, yaani kuweka upya, Windows 11 leo asubuhi utazikuta. Ukitaka kujua draiva ni mpya au ya zamani, soma namba ya toleo. Tarehe iache.

ZUHURA: Basi kama ni daftari tu, mbona kila siku tunaambiwa tusasishe draiva za chipseti? Kuna mtu kaniambia akifanya hivyo kompyuta inapaa.

KIBWANA: Dada Zuhura, hiyo ya kupaa ni maneno ya muuzaji. Kama mashine yako inafanya kazi vizuri na ni ya miaka kadhaa iliyopita, kusasisha chipseti hakutakupa kasi utakayoiona kwa macho. Ukitaka kasi nunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Ila kuna nyakati draiva hiyo ni ya lazima, na hapo ndipo watu wanapoizembea.

ZUHURA: Lini?

KIBWANA: Ya kwanza ni pale unapotoka kupiga Windows. Chukua hizi kompyuta za ofisini zilizotumika Uingereza, OptiPlex, EliteDesk, zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue kule Nairobi. Fundi anafuta diski, anapiga Windows, skrini inawaka, anakukabidhi. Ukifika nyumbani fungua Device Manager. Mara nyingi utakuta alama ya njano, pembeni imeandikwa "SM Bus Controller", na nyingine "PCI Simple Communications Controller".

ZUHURA: Hizo nimeziona! Nilidhani kuna kifaa kimekufa.

KIBWANA: Hakuna kilichokufa. Ya kwanza inaisubiri draiva ya chipseti. Ya pili, kwenye mashine za Intel, ni ile Management Engine, sehemu ya Intel ya kusimamia mashine, nayo ina kifurushi chake. Muziki utapiga, intaneti utaingia, kwa hiyo unaona mambo shwari. Halafu baadaye unashangaa kwa nini mashine ikilala haiamki vizuri, au feni inazunguka tu bila sababu. Sisemi kila tatizo la kulala ni chipseti, lakini mimi naanzia hapo.

ZUHURA: Hebu tuwaambie wasiojua, chipseti yenyewe iko wapi?

KIBWANA: Ni chipu kwenye mazabodi, mara nyingi imefunikwa na kipande cha bati la kupoza joto. Zamani zilikuwa mbili. Ile iliyoshughulika na memori ikamezwa na prosesa. AMD walianza na Athlon 64 mwaka 2003, Intel wakafuata 2008. Iliyobaki inahudumia milango mingi ya USB, diski za SATA, sauti na mtandao.

ZUHURA: Sasa niambie kuhusu AMD, maana ulinitumia ujumbe mrefu jana usiku.

KIBWANA: Kwa sababu kisa cha Oktoba 2021 kinaeleza jambo hili kuliko maneno yangu. Windows 11 ilitoka tarehe 5. Siku chache baadaye AMD na Microsoft wakakiri kuna matatizo mawili kwenye prosesa za Ryzen. La kwanza, kashe ya L3, ile memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa, muda wa kuifikia ulikuwa unaweza kupanda karibu mara tatu. La pili, prosesa hizi zina viini vyenye kasi zaidi ya vingine, na Windows ilikuwa haipeleki kazi kwenye vile bora.

ZUHURA: Mtumiaji wa kawaida anaonaje?

KIBWANA: Wenyewe walisema programu zinazoguswa zinapungua asilimia 3 hadi 5, na baadhi ya michezo ya mashindano asilimia 10 hadi 15. Mtu katoa hela yake kwa prosesa kali, halafu inamnyima asilimia 10! Sasa sikiliza dawa ilivyogawanyika. Tatizo la kashe lilitibiwa na sasisho la Microsoft. Lile la viini lilitibiwa na draiva ya chipseti ya AMD, toleo 3.10.08.506. Aliyechukua moja akaacha nyingine alibaki na nusu ya ugonjwa.

ZUHURA: Kwa hiyo kwa AMD si daftari tu.

KIBWANA: Si daftari. Kifurushi cha AMD kina vitu vinavyoongoza umeme na mgawanyo wa kazi. Angalia Ryzen 9 7950X3D ya 2023: viini 16 kwenye vipande viwili, na kimoja tu ndicho chenye kashe ya ziada inayofaa michezo. Draiva ya chipseti, ikishirikiana na Game Bar, ile programu ya michezo ya Windows, ndiyo inayohakikisha mchezo unakaa kwenye kipande hicho. Usipoiweka, umenunua kashe ya mapambo.

ZUHURA: [anacheka] Na usalama je?

KIBWANA: Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Septemba, ilitangazwa CVE-2021-26333, namba ya utambulisho ya udhaifu wa usalama. Mtafiti Kyriakos Economou aligundua kwamba draiva ya PSP, ile ya kichakata usalama cha AMD inayokuja ndani ya kifurushi cha chipseti, ilikuwa inavujisha mabaki ya memori. Mtumiaji wa kawaida kabisa, asiye na haki za msimamizi, angeweza kuyasoma. Fikiria kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na watoto, wageni, na kila mtu. Hapo hakuna mjadala wa "mbona inafanya kazi", unasasisha.

ZUHURA: Inapatikana wapi? Nikitafuta mtandaoni, juu kabisa naona programu za kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja.

KIBWANA: Hizo achana nazo. Nyingi zinakutisha kwamba una draiva 37 zilizozeeka, ukikubali zinadai hela. Na wajanja wakiona 1968 ndiyo sherehe kwao! Laptopu au kompyuta ya kampuni, nenda tovuti ya aliyeitengeneza. Dell wana Service Tag, namba ya mashine yako, kwenye kibandiko, andika ile. Uliyeunga mwenyewe, nenda kwa mtengenezaji wa mazabodi, au moja kwa moja AMD na Intel. Kama bando ni dogo, ingia Windows Update, kwenye masasisho ya hiari, chagua moja unayoihitaji.

ZUHURA: Umeme ukikatika katikati je? Huku kwetu hilo si swali la nadharia.

KIBWANA: Kwa draiva usiogope sana. Tengeneza restore point kabla, ukiharibikiwa unarudi nyuma. Watu wanachanganya na BIOS, ile programu ya kuiwasha kompyuta. BIOS inaandikwa kwenye chipu ya mazabodi, umeme ukikatika pale unaweza kubaki na ubao usiowaka. Hiyo usiiguse bila UPS, na kwa laptopu betri ijae na chaja iwe imechomekwa.

ZUHURA: Mwisho, kuna mdau wa Tanga anatumia Linux, anauliza apakue wapi.

KIBWANA: Asipakue popote. Kule draiva za chipseti ziko ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, asasishe mfumo wake aendelee na kazi.

ZUHURA: Wiki ijayo tunafungua pawa saplai za bei rahisi. Kibwana, hizo mbili ulizoahidi njoo nazo.

KIBWANA: Nitazileta, lakini hatuziwashi humu studio.