Ukikaa Mezani, Chama Kibaki Nyumbani

Ndugu wanafunzi, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mtakaoshika zamu kwenye meza za kuandikisha wapiga kura muhula huu. Nitazungumzia vyuo vya Marekani, na nitaanzia Texas, maana haki mnayokwenda kuihudumia ilipiganiwa sana huko.

Mwaka 1971, Marekebisho ya 26 ya Katiba yalishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18. Lakini katika Kaunti ya Waller, kilipo Chuo Kikuu cha Prairie View A&M, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, mwandikishaji aliwapa wanafunzi dodoso lenye maswali ya ziada. Je, una nyumba hapa? Ukihitimu utabaki? Kijana wa miaka 19 anayelala bwenini ajibu nini? Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu iliyopiga marufuku mtindo huo. Ndiyo maana leo mwanafunzi raia anayeishi chuoni anaweza kujiandikisha hapo hapo, au akabaki kwenye daftari la kwao. Achague mahali pamoja tu, kwa sababu kupiga kura mara mbili katika uchaguzi mmoja ni jinai. Na hao wa Prairie View hawakutulia: mwaka 2008, kituo cha kura za mapema kilipowekwa mbali nao, walitembea kwa miguu kama maili 7 hadi kituoni, katika mji wa Hempstead. Kila nikisikia kwamba vijana hawajali, nawakumbuka wao.

Mara nyingi kinachomkwamisha kijana ni kitu kidogo. Chukueni fomu ya taifa ya kujiandikisha kwa posta. Nafasi ya 2 ni ya anwani ya makazi, ya 3 ni ya kupokelea barua. Mwanafunzi anaandika sanduku la barua la chuo kwenye nafasi ya 2, fomu inakwama, naye hana habari. Muulize, "Unalala jengo gani?" Anwani za mabweni yote ziwe zimebandikwa mezani.

Kabla ya hayo yote kuna swali la uraia. Asiye raia asijaze, hata akibembelezwa kwa nia njema, maana anaweza kuharibu kabisa mambo yake ya uhamiaji. Kwa hiyo msimkimbilie mtu na kalamu mkononi. Ulizeni kwanza.

Sasa tuje nafasi ya 7, ya chama. Hapa ndipo mtapimwa. Mwenzako atakuuliza, "Niandike kipi?" Mweleze kazi ya nafasi hiyo: katika baadhi ya majimbo, asiyetaja chama hapigi kura kwenye mchujo wa chama hicho, na katika mengine hilo halihitajiki. Ukishasema hayo, nyamaza. Hata uso wako usiseme kitu. Sheria ya kodi inavikataza vyuo binafsi na mashirika ya hisani kumpigia debe mgombea, lakini kwangu mimi sababu kubwa ni yule mwanafunzi wa upande usioupenda. Akikuona na fulana ya mgombea, atapita mbali, na umemnyima haki bila kutamka neno. Zamu ikiisha, vaa utakacho, nenda kwenye kampeni zako.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walikuta kwamba wanafunzi waliopiga kura walipanda kutoka asilimia 52 mwaka 2016 hadi 66 mwaka 2020. Uchaguzi ule ulikuwa moto, na kura za posta zilipanuliwa. Ila hakuna anayepiga kura kama jina halimo daftarini.

Basi anzeni wiki ya kwanza ya muhula. Texas hufunga uandikishaji siku 30 kabla ya uchaguzi, na fomu ya Oktoba katikati ni karatasi tu. Tangu 1998 sheria ya shirikisho inavitaka vyuo katika majimbo mengi vijitahidi kuwafikishia wanafunzi fomu hizi, kwa hiyo ingieni ofisi ya usajili bila woga, mwombe fomu ziende pamoja na usajili wa masomo. Halafu kila mliyemwandikisha, mkumbusheni baada ya wiki chache aangalie jina lake kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo lake, muda wa kurekebisha ukiwa bado upo.