Maelezo ya JupyterLab hayatokei? Turekebishe pamoja

Karibuni tena. JupyterLab, programu ya kuandika na kuendesha kodi, iko wazi kwenye kivinjari, daftari jipya la lugha ya Python ndilo hili. Leo tunashughulikia lile dirisha dogo la maelezo: unaandika jina la funksheni, unabonyeza Shift na Tab pamoja, maelezo yanatokea palepale. Wengi mmeniandikia kwamba kwenu halitokei.

Mimi nalipenda kuliko tovuti yoyote ya maelezo. Kama Jupyter imewekwa kwenye kompyuta yako, maelezo yanasomwa kutoka kwenye maktaba yenyewe, yaani mkusanyiko wa kodi uliyoipakua, kwa hiyo hayali bando, na ni ya toleo lako hasa, si la mwaka mwingine.

Haya. Andika import pandas as pd, yaani tunaiita maktaba ya pandas kwa jina fupi pd. Seli ya pili, kisanduku cha kodi kinachofuata, pd.read_csv na mabano ya kufungua. Kishale kikae baada ya mabano. Shift, Tab.

Kimya. Angalia kushoto kwa seli ya juu: mabano ya mraba matupu, hayana namba. Hiyo import imeandikwa tu, haijaendeshwa. Kivinjari hakina maelezo yoyote, kazi yake ni kuiuliza keneli, ile programu inayoendesha kodi yako huko nyuma. Na keneli bado haijui pd ni nini. Rudi juu, Shift na Enter. Namba 1 hiyo. Shuka, jaribu tena... hilo hapo! Machaguo ya funksheni, sep, header, usecols, vyote.

Tafadhali, endesha import kwanza. Ukifungua daftari la jana, namba za jana bado utaziona pembeni, lakini keneli ni mpya na haikumbuki chochote. Namba zisikudanganye. Endesha import kwanza!

Kishale nacho. Kikiwa kwenye nafasi tupu mwanzoni mwa mstari, au ukiwa umeteua maandishi, Shift na Tab zinausogeza mstari kushoto, hazileti maelezo. Orodha ya mapendekezo ikiwa wazi, bonyeza Esc kwanza.

Sasa hapa... ngoja. Nimebonyeza, hakuna kitu. Sikati kipande hiki, ni vizuri mkione. Juu kulia, karibu na jina la Python 3, duara limejaa. Kuna seli chini inasoma faili kubwa, keneli imeshikika, na ombi letu la maelezo limepanga foleni nyuma ya kazi hiyo. Usiiwashe upya, utapoteza kila ulichokwisha kukisoma. Subiri. Kama una haraka sana, kitufe chenye mraba kinasimamisha kazi... Duara limekuwa tupu. Bonyeza. Naam.

Hili la mwisho ndilo wanafunzi wangu wanaling'ang'ania jioni nzima. Mtu ameandika sum = 12 huko juu, kisha anaomba maelezo ya sum, funksheni ya Python ya kujumlisha. Dirisha linatokea, ila linaeleza namba nzima, int. Si kosa la dirisha, jina limefunikwa. Andika del sum, endesha, na sum ya Python inarudi. Ndiyo maana mimi huita vigezo vyangu jumla, orodha, wastani. Havigongani na kitu.

Ukitaka maelezo yakae wazi muda wote, bonyeza Ctrl na I, kisha buruta kile kichupo upande wa kulia. Au andika sum? na uendeshe. Alama hiyo ya kuuliza imetoka IPython, programu ya kuendesha Python, iliyoanzishwa na Fernando Pérez mwaka 2001, miaka mingi kabla ya mradi wa Jupyter wa 2014. Ukiweka mbili, ??, unapata na kodi yenyewe ikiwa imeandikwa kwa Python.

Na funksheni zako je? Tazama hii yangu, pango_la_mwaka. Dirisha linasema haina maelezo, na ni kweli, sikuyaweka. Chini ya def, mstari unaoanzisha funksheni, ndani ya nukuu tatu: "Hukokotoa pango la nyumba kwa miezi 12." Endesha tena hiyo seli. Shift, Tab. Someni wenyewe, Kiswahili kitupu.