Chesi kwa wanaoanza: kabla hujala kete, jiulize maswali haya mawili

Karibuni. Leo tuna jambo moja tu: kete zinazopotea bure. Mchezo wa anayeanza mara nyingi hauamuliwi na mipango mirefu. Huamuliwa na malkia aliyeachwa mahali anapoliwa. Panga ubao, tucheze pamoja.

Wewe una nyeupe. Sogeza kitunda e4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo ukihesabu kutoka upande wako). Mpinzani anajibu e5. Toa farasi f3, naye atoe farasi c6. Askofu wako aende c4. Sasa farasi wake wa c6 anaruka hadi d4.

Simamisha video. Kitunda cha e5 hakina mlinzi, na farasi wako anakifikia. Utakila?

Haya, kile tuone. Anajibu malkia g5, na papo hapo anamtishia farasi wako na kitunda cha g2 kwa mpigo. Farasi wako anaingia f7, anakula kitunda, anamtishia malkia na ngome. Hapo wengi huona wameshashinda. Malkia anakula g2 na kuitishia ngome ya h1. Ngome inakwenda f1. Malkia anakula e4, cheki, yaani mfalme wako ametishiwa! Askofu anarudi e2 kukinga, farasi anatua f3: chekimeti, mfalme ametishiwa na hana pa kuponea, kwenye hatua ya saba.

Kaza macho kwenye e1. Mfalme amezibwa na kete zake mwenyewe. Askofu wa e2 yuko jirani kabisa na farasi, mshazari wake unamfikia, lakini hawezi kumla, maana akitoka e2 mfalme anabaki wazi kwa malkia wa e4. Na hata malkia wako wa d1 amezibwa na askofu huyohuyo.

Rudisha kete hadi pale farasi alipotua d4. Weka mikono mapajani, kwani kwenye mashindano kete ukiigusa kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze.

Swali la kwanza: hatua yake ya mwisho imebadilisha nini? Ameacha kulinda e5, ndiyo, lakini farasi huyo sasa anafika f3, e2 na c2, karibu sana na mfalme wako.

Swali la pili: nikicheza ninachotaka, yeye ana cheki gani, anakula nini, anatishia nini? Fuata mpangilio huohuo kila mara. Malkia g5 si cheki wala halili kitu, kwa hiyo ukiishia kwenye cheki hutamwona. Hapa usiharakishe hata kidogo.

Hatua iliyo salama: farasi wako amle farasi wa d4, naye akurudishie kwa kitunda cha e5. Mmebadilishana pointi 3 kwa 3, kwani kila farasi huhesabiwa pointi 3, na yeye amebaki na vitunda viwili kwenye mstari mmoja wa d. Kisha mfiche mfalme wako g1, ngome ikae f1, vyote kwa hatua moja maalumu ya pamoja.

Jizoeze kwenye michezo ya dakika 15 au 30. Ya dakika 3 haikupi nafasi ya kujiuliza. Ukimaliza, tafuta kete ya kwanza uliyoipoteza bure, uandike ni swali lipi kati ya haya mawili uliliruka.