Taruma la Shangazi

[Mlio mrefu wa chuma kinachogongwa kwa jiwe]

ZUHURA: Umesikia?

DEO: Nimesikia. Hebu rudia.

[Mlio]

DEO: Hiyo si kengele ya shule. Kengele ya shule yetu Tabora ilikuwa kipande cha reli, na reli inalia kwa ukali, inakata masikio. Hii inavuma.

ZUHURA: Kwa sababu si reli, ni taruma, kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli mbili kuzibeba na kuzishika. Wasikilizaji, mnajua wiki hii nilikuwa Korogwe kumwuguza shangazi. Mguu unaendelea vizuri, na salamu zenu zote nimezifikisha. Sasa Jumatano mchana nimekaa uani namenya viazi, mjukuu wake mdogo akaokota jiwe, akaenda hadi kwenye mwembe, akagonga. Ngeeee! Watoto wakatokea kila upande. Kumbe ndiyo kengele ya chakula. Nikainuka kutazama kinachogongwa: taruma la chuma, limening'inizwa tawini kwa mnyororo.

DEO: Zima?

ZUHURA: Zima! Nimelipima kwa futi ya fundi cherehani, linakaribia mita 1 na sentimita 80. Mgongo wake umejikunja, ncha zote mbili zimeinamia chini, na matundu ya kabari, vile vipande vya chuma vya kukazia reli, yapo yote manne.

DEO: Na shangazi alilipata wapi? Maana hiyo ni mali ya reli, Zuhura.

ZUHURA: Nilimwuliza kwa adabu zote. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nimeolewa hapa nimelikuta. Na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, naye alilikuta."

DEO: Alilikuta! [anacheka] Kwa hiyo hakuna aliyelileta. Limeota pamoja na mwembe.

ZUHURA: Limekutwa, Deo. Tuendelee. Nimeandika ukurasa mzima wa mambo matano anayopaswa kuyajua mtu anayesanifu taruma la chuma, na leo nataka tuyamalize yote.

DEO: Soma la kwanza.

ZUHURA: La kwanza ni umbo. Watu wengi wakiona taruma limelala njiani wanadhani ni ubao wa chuma, bapa. Sivyo. Lipindue utaona ni mtumbwi. Njiani linalazwa kifudifudi, tumbo chini, kokoto zinashindiliwa humo ndani mpaka zinajaa. Kwa hiyo taruma likitaka kuteleza kwenda pembeni, haliburuzi chuma juu ya mawe tu. Linalazimika kuburuza na mawe yaliyo tumboni mwake, mawe yanasuguana na mawe. Zile ncha mbili zilizoinama nazo zimezama kwenye kokoto kama jembe.

DEO: Umesema mtumbwi nikakumbuka kitu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba neno lenyewe, taruma, limetoka majini.

ZUHURA: Mjomba wangu Pangani ni fundi wa mashua. Kwake yeye mataruma ni mbavu za chombo, zile mbao za ndani zinazoshika ubavu huu na ubavu huu chombo kisifunguke. Nilipoanza kazi za reli nikamwambia, "Mjomba, nasanifu mataruma," akafurahi sana, akadhani nimerudi nyumbani kuunda mashua.

DEO: Sisi wa Tabora taruma ni la reli tu. Marehemu baba alikuwa kwenye genge la njia, kikosi cha kutunza reli, na nyumbani neno hilo lilitajwa kila siku. Ila ukifikiria, kazi ni ileile. Reli mbili bila mataruma zinafunguka kama chombo kisicho na mbavu.

ZUHURA: Hasa! Kazi ya kwanza kabisa ya taruma ni kutunza upana. Reli yetu ya zamani ni mita 1 kamili kati ya reli na reli, TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni milimita 1,067, na SGR, reli mpya ya umeme, ni milimita 1,435. Taruma ndilo linaloapa kwamba upana huo haubadiliki, treni iwe tupu au imejaa, mvua inyeshe au jua liwake.

DEO: Weka mlio tena.

ZUHURA: Kwa nini?

DEO: Weka kwanza.

[Mlio]

DEO: Pale mwishoni, unapokaribia kufa, umesikia? Unatetemeka. Kuna kitu kinapiga zzz. Hilo taruma lina ufa.

ZUHURA: Huo ni mnyororo, Deo.

DEO: Ni ufa. Sikiliza, baba alikuwa anatembea njiani na nyundo ya mpini mrefu, anagonga huku anatembea. Kabari iliyokaza inajibu ti! Iliyolegea inasema pwa. Na taruma lililopasuka, hata kama ufa huuoni kwa macho, linakoroma. Nilikuwa nafuatana naye likizo, nikafika mahali pa kuweza kusema "baba, hilo" kabla hajarudisha nyundo.

ZUHURA: Basi nikwambie ukweli. Ufa upo.

DEO: Aa!

ZUHURA: Mdogo, kama urefu wa ukucha. Umeanzia kwenye pembe ya tundu moja la kabari. Na hilo ndilo jambo la pili kwenye ukurasa wangu, umenitangulia. Tundu likikatwa na pembe kali, nguvu zote zinazopita kwenye chuma zinakusanyika pale pembeni. Kila gurudumu likipita taruma linapinda kidogo, linarudi. Linapinda, linarudi. Miaka inapita, chuma kinachoka, na kinachoka palepale penye pembe. Msanifu anayejali anaiviringa ile pembe, au anaacha kabisa kutoboa pale penye mzigo.

DEO: Ila mlio wa zzz umekubali kwamba ni ufa?

ZUHURA: Nimekubali ufa upo. Zzz ni mnyororo. Taruma limening'inia, linagusana na mnyororo, lazima litetemeke.

DEO: Mwambie yule mtoto alifunge kwa kamba ya mkonge, kisha agonge, urekodi. Korogwe mkonge haukosekani.

ZUHURA: Nitampigia. Sasa hizo kabari wengine hawajawahi kuziona. Taruma la zamani lina masikio yaliyoinuliwa kutoka kwenye bamba lenyewe au kupachikwa matunduni. Kitako cha reli kinakaa katikati ya masikio mawili, halafu kabari ya chuma inapigwa kwa nyundo kujaza nafasi. Ni 2 kwa kila reli, 4 kwa kila taruma. Reli ya Mombasa mpaka Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilimeza mataruma kama milioni 1.2, mengi yakiwa ya chuma, na kabari milioni 4.8.

DEO: Gawanya. Nne kwa kila moja. Na kila moja imepigwa na mkono wa mtu juani.

ZUHURA: Na kila moja inalegea. Mtikisiko wa treni unaifungua polepole. Ndiyo maana baba yako alikuwa na kazi kila siku ya Mungu. Siku hizi tunatumia klipu ya chuma cha springi, inabana yenyewe hata treni ikitikisa.

DEO: Na chuma chenyewe walikichagua kwa sababu ya mchwa. Wajerumani walianza reli ya Tanga 1893, na ile ya kati wakaianza Dar 1905 mpaka Kigoma 1914. Ubao wa kawaida ukiulaza ardhini huku kwetu bila dawa, mchwa hawakusubirishi. Chuma hawakitafuni.

ZUHURA: Mchwa hawatafuni, chumvi inatafuna. Njoo Tanga, karibu na bandari, nikuoneshe. Kutu inaanzia pale kitako cha reli kinapokalia, panaposuguliwa rangi ikatoka, na ndani ya tumbo kwenye unyevu, ambako hakuna anayeona. Ndiyo sababu mimi nasema wazi, taruma la zege.

DEO: Hapo ndipo tunapoachana.

ZUHURA: Tuachane tu, ila nisikilize. Reli ndefu ya mita 1,000, ikipata moto wa nyuzi 30 zaidi ya ilivyokuwa usiku, inataka kurefuka karibu sentimita 35. Zamani waliacha nafasi kwenye viungo, ndiyo ile tukutuku-tukutuku ya treni. Leo tunachomelea reli moja kwa moja, hakuna pa kurefukia. Kwa reli nzito ya kilo 60 kwa mita, nguvu inayojifungia ndani ni kama tani 55 kwenye reli moja. Ikikosa kushikwa, njia inajipinda kama nyoka. Nani anaishika? Taruma zito. La zege la SGR ni zaidi ya kilo 200. La shangazi sijui hata kama linafika 50.

DEO: Sikatai hata kidogo, kwa SGR. Treni inakimbia kilomita 160 kwa saa, reli zimechomelewa, umeme juu. Zege ni halali yake. TAZARA nayo ni zege, na imebeba mizigo tangu miaka ya sabini. Mimi nazungumzia njia ya mita moja, ya kwenda Mpanda, ya kwenda Singida. Kule taruma la chuma watu wawili wanalibeba begani. Yanapangwa moja ndani ya jingine kama sahani, behewa moja linabeba mengi mno. Treni ikianguka, la chuma likipinda unalinyoosha unalirudisha. La zege likikanyagwa na gurudumu lililotoka njiani limekufa, na kuleta jingine unahitaji mashine ya kunyanyua.

ZUHURA: Na usiku?

DEO: Usiku kuna nini?

ZUHURA: Usiku linaondoka. Linabebwa begani na watu wawili, kama ulivyosema. La zege hakuna anayeliiba, haliuziki kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

DEO: Wizi si suala la usanifu. Hilo ni la polisi, na la huyo anayenunua bila kuuliza.

ZUHURA: Ni la usanifu! Deo, mtu anayesanifu daraja anahesabu mafuriko. Hasemi mafuriko ni kazi ya idara ya hali ya hewa. Mimi nikisanifu njia nahesabu mchwa, chumvi, joto, na mkono wa mtu. Mataruma matatu yakifunguliwa mfululizo penye kona, abiria wanakufa.

DEO: Unamhesabu binadamu pamoja na mchwa.

ZUHURA: Namhesabu kwa sababu yupo.

DEO: Mimi nimekua kando ya njia, dada yangu. Watu wa kando ya njia ndio waliokuwa wanakimbia kumwita baba usiku, "mzee, kuna kabari imetoka." Waliijua treni kwa sababu ilisimama kwao, walipakia mpunga wao. Ukijenga njia ambayo kazi yake ya kwanza ni kujilinda na wao, ukaweka zege lisilogusika na mashine badala ya genge, hata huyo wa kukuita usiku humpati tena. Genge lenyewe ni ulinzi.

ZUHURA: Na mahali genge lilikoondolewa? Maana njia nyingi genge halipo. Treni ya abiria ya Moshi iliporudi mwishoni mwa 2019, ilikuwa imekaa miaka mingi bila kwenda. Miaka hiyo yote nani alilinda?

DEO: Rudisha genge.

ZUHURA: Mimi siwezi kuchora genge kwenye karatasi ya taruma.

DEO: Basi usiseme taruma la chuma ni baya. Sema tumeliachia peke yake.

ZUHURA: Nasema si salama kwa hali iliyopo. Sibadilishi.

DEO: Na mimi sibadilishi.

[Kimya]

ZUHURA: Haya.

DEO: Weka mlio.

[Mlio]

DEO: Zzz.

ZUHURA: Mnyororo.

DEO: Hivi limebaki dakika ngapi?

ZUHURA: Fundi ananionesha vidole... vinne. Dakika nne. Na ukurasa wangu! Nilikuwa nataka kueleza kwa nini taruma la chuma linakandamizwa likiwa na mlalo pale reli inapokaa, reli iinamie ndani 1 kwa 20, kwa sababu gurudumu lenyewe limechongwa kama pia. Na mpira wa kuhami umeme...

DEO: Huo wa umeme ni muhimu, waambie kwa kifupi.

ZUHURA: Ishara za treni nyingi hupitisha umeme mdogo kwenye reli mbili. Treni ikiingia, ekseli zake zinaunganisha reli hizo na mfumo unajua njia imeshikwa. Taruma la chuma bila mpira wa kuhami linaziunganisha lenyewe, basi mfumo unaona treni isiyokuwepo siku nzima. Jambo la tano ni ushindiliaji, hilo siligusi kabisa, maana tumbo lile lisipojazwa vizuri...

DEO: Dakika mbili.

ZUHURA: Basi nimeliacha. Deo, swali moja. Unadhani lina kilo ngapi?

DEO: La shangazi? Arobaini. Kama kutu haijalila sana.

ZUHURA: Vijana wawili walilisogeza kwa shida.

DEO: Kwa sababu waliogopa lingewaangukia miguuni. Jirani hana mizani ya mahindi?

ZUHURA: Anayo. Nitampigia shangazi jioni. Wakilishusha walipime, kisha walifunge kwa mkonge, wagonge.

DEO: Na umwambie akiulizwa kwa nini linapimwa...

ZUHURA: Aseme mizani ameikuta.