Wanawake wa Hospitali Wasiokuwa Wauguzi

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu kila inaposimuliwa habari ya wanawake katika hospitali za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, masimulizi huanza kwa muuguzi na kuishia kwa muuguzi. Namheshimu muuguzi, lakini hakuwa peke yake. Mimi namtetea almona, yaani afisa ustawi wa jamii wa hospitali wa zama zile.

Kazi hiyo ilianzia Royal Free Hospital, London, mwaka 1895, alipoajiriwa Mary Stewart ili, pamoja na mengine, achunguze ni mgonjwa yupi aliyestahili kutibiwa bure. Kwa zaidi ya miaka 50 almona akawa mtu wa kumuuliza mgonjwa mume analipwa kiasi gani, kodi ya chumba ni kiasi gani na watoto ni wangapi. Tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza na matibabu yakawa bure, mzigo huo ulimtoka, na ndipo ujuzi wake ulipopata nafasi. Mgonjwa wa kifua kikuu alipotakiwa kulazwa kwa miezi kadhaa, daktari alijua dawa. Almona ndiye aliyeuliza watoto watalelewa na nani, mwajiri atakubali kumngojea, na je, akipona atarudi katika chumba kilekile chenye unyevunyevu? Maswali hayo yasipojibiwa, mgonjwa huondoka wodini kabla ya wakati.

Najua yupo atakayeniambia kwamba hiyo ni huruma tu ya mwanamke, na kwamba haihitaji cheti. Sikubali hata kidogo! Almona alisomea elimu ya jamii, kisha akafundishwa hospitalini kwa vitendo chini ya mwenzake mzoefu, na alipaswa kuzijua taratibu za bima na kuandika taarifa ambayo daktari angeitegemea. Anayeiita kazi hiyo huruma anatafuta sababu ya kuilipa kidogo. Hapa kwetu Tanzania pia, afisa ustawi wa jamii bado anabebeshwa jukumu la kupima nani apewe msamaha wa gharama, kisha tunashangaa kwamba hana muda wa kukaa na mgonjwa.

Muda unanibana, kwa hiyo wapiga picha za eksirei, wataalamu wa maabara na wa lishe nitawapitia kwa haraka. Wataalamu wa fiziotherapia, ambao chama chao kiliasisiwa na wauguzi wanne mwaka 1894, waliingia pamoja na hao katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1960 iliyoweka bodi za usajili kwa taaluma saba. Almona hakuwamo. Mwaka 1964 chama cha maalmona kililiacha jina hilo la kale na kujitambulisha kuwa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali, nao waliendelea na kazi yao bila bodi ya sheria hiyo.